Mabawabu wa Mlango wa Sodiamu

Mwezi Aprili 1989 madaktari wa moyo nchini Marekani walipata habari ya kuwanyima usingizi. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwaandikia wagonjwa walionusurika shambulio la moyo vidonge vya kufuta mapigo ya ziada, yale yanayochomoza katikati ya mdundo wa kawaida. Hoja yao ilikuwa nyoofu. Mwenye mapigo ya ziada baada ya shambulio yumo hatarini kufa ghafla. Dawa inayafuta mapigo hayo. Basi dawa inaokoa. Jaribio kubwa lililojulikana kwa kifupi kama CAST lilianzishwa ili kuthibitisha jambo ambalo wengi walikwisha kuliamini. Wasimamizi wake wakalazimika kuziondoa dawa mbili, enkainidi na flekainidi, kabla ya wakati. Hesabu kamili ilipochapishwa mwaka 1991, miongoni mwa wagonjwa 755 waliomeza dawa walikuwa wamekufa 63. Miongoni mwa 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26.

Dawa hazikushindwa kazi. Mapigo ya ziada yalipungua kama ilivyokusudiwa. Waliopungua pia ni wagonjwa.

Kazi ya dawa hizo mbili ilikuwa kuziba mlango wa sodiamu katika utando wa seli za moyo. Mlango wa ukoo huohuo umo katika seli za ubongo, na ndio unaolengwa na fenitoini na kabamazepini, dawa za kifafa zinazotumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki. Ndio pia unaozibwa na sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mlango huo haujiendeshi wenyewe. Una mabawabu, na mabawabu wa moyo hawafuati amri za mabawabu wa ubongo. Anayeuziba bila kuuliza ni seli ipi, ya mtu wa umri gani na yenye kasoro gani, anaweza kumdhuru yuleyule anayetaka kumponya.

Kwanza mlango wenyewe. Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani ni haba, tofauti ya zaidi ya mara kumi. Juu ya hayo, ndani ya seli iliyotulia kuna umeme hasi, takriban milivolti 70 chini ya sifuri katika seli ya neva na karibu 90 katika msuli wa moyo. Mlango ukifunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, kwani inasukumwa na wingi wake na kuvutwa na umeme. Katika muda usiofika milisekunde moja umeme wa ndani unageuka kutoka hasi kuwa chanya, na badiliko hilo linaamsha milango ya jirani, nayo ya jirani yake, mpaka ujumbe umefika mwisho wa neva au umeenea moyo mzima. Kisha mlango unajifunga. Kujifunga huko, kama itakavyoonekana, kuna uzito sawa na kufunguka.

Tabia hiyo ilijulikana kabla ya yeyote kuuona mlango. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza wawili, walifanya kazi katika maabara ya viumbe wa baharini mjini Plymouth wakitumia neva ya ngisi, ambayo ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho na kuingizwa waya ndani yake. Mwaka 1952 walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imesimama kwa matengenezo wakati huo, basi Huxley alikokotoa hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hatua baada ya hatua. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1963, pamoja na John Eccles wa Australia.

Umbo la mlango lilisubiri zaidi. William Catterall na wenzake nchini Marekani waliitambua protini yenyewe, na mwaka 1984 kundi la Shosaku Numa mjini Kyoto, Japani, lilisoma mpangilio wake wote kutokana na jeni ya mkunga wa umeme, samaki wa mito ya Amerika Kusini. Ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja katika sehemu nne zinazofanana, kila sehemu ikipenya utando mara sita. Kipande cha nne katika kila sehemu kimebeba chaji chanya. Umeme ukibadilika kinasogea, na kusogea kwake ndiko kunakovuta mlango wazi. Kati ya sehemu ya tatu na ya nne kuna kipande kifupi chenye asidi amino tatu zilizofuatana, isolusini, fenilalanini na methionini. Hicho ndicho kizibo. Mlango ukishafunguka, kizibo kinajibana mahali pake na sodiamu inakatika, hata kama umeme unaendelea kuushawishi mlango ubaki wazi.

Mwanadamu ana jeni tisa za milango hii. Nne kati yake, SCN1A, SCN2A, SCN3A na SCN8A, zinafanya kazi hasa katika ubongo. SCN5A ndiyo ya moyo. Kwamba ndugu hawa hawafanani sana, ushahidi wake mmojawapo anao bunju, samaki ambaye wavuvi wa mwambao wanamjua kwa kujifura na kwa sumu. Sumu ya bunju huziba mlango wa sodiamu kwa nje, kwa dozi ndogo mno. Hata hivyo aliyeila hufa ganzi kwanza midomo na ulimi, kisha viungo vinalegea, kisha misuli ya kupumua inasimama, huku moyo ukiendelea kupiga kwa muda. Mlango wa moyo unaistahimili sumu hiyo kwa mbali kuliko wa neva, na sababu kubwa ni asidi amino moja: pale ambapo milango mingi ya neva ina tairosini au fenilalanini, ule wa moyo una sisteini. Badiliko la kitu kimoja katika mnyororo wa takriban elfu mbili limetosha.

Sasa mabawabu. Wa kwanza anaamua mlango ukae wapi. Katika seli ya ubongo protini iitwayo ankirini-G hukusanya milango kwa msongamano mkubwa mwanzoni mwa aksoni, mahali ambapo seli inaamua kutuma ujumbe au kunyamaza. Katika moyo, ankirini-G hiyohiyo huipeleka milango kwenye maungio ya seli na seli, ili umeme uruke haraka kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 2004 watafiti walieleza badiliko la SCN5A, asidi amino ya 1053, linaloufanya mlango usishikwe na ankirini. Mlango wenyewe uliweza kufunguka; ila haukufikishwa mahali pake, na mgonjwa akapata ugonjwa wa moyo sawa na wa mtu mwenye mlango mbovu.

Bawabu wa pili ni vimeng'enya vinavyobandika fosfati juu ya protini, na hapa ndipo moyo na ubongo vinapopingana waziwazi. Kimeng'enya A, kinachoamshwa na vichocheo mbalimbali, kikibandika fosfati kwenye mlango wa ubongo, mkondo wa sodiamu unapungua. Dopamini hutumia njia hiyo kuzipunguza kelele seli za baadhi ya maeneo ya ubongo. Kimeng'enya hichohicho katika moyo, kikiamshwa na adrenalini, kinaongeza mkondo, kwa sehemu kwa kuleta milango zaidi juu ya utando. Amri ni moja na matokeo ni kinyume. Ukifikiri, ina maana: mtu anayekimbizwa anahitaji moyo unaopitisha umeme upesi, wala hahitaji ubongo ambao kila seli inapiga kelele.

Wapo wengine. Kalsiamu huingilia kati kwa kupitia protini iitwayo kalmodulini, iliyong'ang'ania mkia wa mlango. Protini ndogo za pembeni huongeza au kupunguza kasi ya kizibo. Kimeng'enya kingine huitia alama milango iliyochakaa ili iondolewe. Anayestahili maneno zaidi ni kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu, CaMKII, kwa sababu huongezeka katika moyo uliochoka. Kinapoubandika fosfati mlango wa moyo, kizibo hakibani sawasawa, na sodiamu kidogo inaendelea kuchuruzika wakati ingetakiwa kuwa imekatika. Mchuruziko huo unaijaza seli sodiamu, sodiamu inaleta kalsiamu, kalsiamu inazidi kukiamsha kimeng'enya. Mzunguko huu umekuwa mojawapo ya maelezo bora ya kwa nini moyo dhaifu hupoteza mdundo.

Mchuruziko unaweza pia kurithiwa. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba baadhi ya familia zenye vifo vya ghafla zilikuwa na SCN5A iliyokosa asidi amino tatu karibu na kizibo. Kila pigo la moyo lilichelewa kumalizika, hali inayoonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kama nafasi iliyorefuka. Wagonjwa hawa huwa hatarini zaidi usingizini, moyo unapopiga polepole. Miaka mitatu baadaye jeni hiyohiyo ikapatikana katika ugonjwa ulioelezwa mwaka 1992 na ndugu wawili wa Kihispania, Pedro na Josep Brugada. Hapa kasoro ni kinyume: milango haitoshi au haifunguki, na sodiamu inayoingia ni kidogo mno. Nao pia huua usiku, hasa wanaume vijana, na katika Asia ya Kusini-Mashariki vifo hivyo vilikuwa na majina ya kienyeji muda mrefu kabla ya ECG kufika: Wafilipino huviita bangungut, Wathai lai tai.

Basi jeni moja, misiba miwili iliyopeana mgongo. Mwenye mchuruziko husaidiwa na meksiletini, dawa inayoziba mlango. Mwenye ugonjwa wa Brugada akipewa flekainidi anaweza kuingia katika hatari papo hapo. Hospitalini dawa hizo hutumika, kwa uangalizi mkali, kuufichua ugonjwa uliojificha kwenye ECG.

Kuna badiliko moja la SCN5A linalowahusu Waafrika kwa karibu. Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha utafiti wa badiliko linaloweka tairosini mahali pa serini, ambalo lilikutwa kwa takriban Wamarekani weusi 13 katika kila 100, na kwa kiwango cha juu kuliko hicho miongoni mwa watu wa asili ya Afrika Magharibi. Wengi wa wenye nalo huishi mpaka uzeeni bila kujua. Badiliko lenyewe linausumbua mlango kidogo sana. Shida huja linapokutana na jambo la pili: potasiamu iliyoshuka kwa sababu ya kuhara au dawa za kukojoza, au dawa nyingine inayorefusha pigo la moyo. Hapo mlango uliokuwa na kasoro isiyo na madhara unashindwa kazi.

Kwa mwanga huu matokeo ya CAST yanaeleweka. Moyo uliopata shambulio una kovu. Umeme ukifika kwenye kovu hupita pembeni, na kwa kawaida upande wa pili hukuta msuli uliokwisha kusisimka, ukafia hapo. Dawa ya kuziba sodiamu inaupunguza mwendo. Umeme uliochelewa unaweza kukuta msuli umeshapumzika na uko tayari tena, ukaingia, ukazunguka kovu na kurudi ulikotoka, na moyo ukaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Dawa ilizima cheche ndogo na kuacha njia wazi kwa moto mkubwa. Flekainidi haikufutwa duniani. Bado inawasaidia watu wenye mioyo isiyo na kovu ambayo vyumba vyake vya juu hupoteza mdundo. Kilichofutwa ni ile imani kwamba dawa inayofaa moyo mmoja inafaa kila moyo.

Wala kuziba mlango hakukuanzia maabara. Mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba yeye mwenyewe hutuliza moyo wake unaorukaruka kwa kumeza kwinini. Wenckebach hakuamini. Mgonjwa alirudi kesho yake na mapigo yaliyonyooka. Daktari aliiandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey, akiwa Ujerumani, akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka gome lilelile, ina nguvu zaidi. Gome hilo ni la mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, milimani Usambara, na ambao umelimwa sana Kivu. Na kwinidini, ingawa inaziba sodiamu, huwasaidia baadhi ya wenye ugonjwa wa Brugada, kwa kuwa inaziba pia mlango mmoja wa potasiamu na hivyo kurudisha uwiano. Anayetafuta kanuni rahisi katika uwanja huu atachoka.

Ubongo umetoa funzo kama la CAST, safari hii kwa watoto. Mwaka 1978 daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa alieleza kifafa kikali kinachoanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, kwa kawaida wakati wa homa, kwa mtoto ambaye hadi siku hiyo alikuwa mzima. Degedege lake hudumu muda mrefu, mara nyingi likishika upande mmoja wa mwili, na hurudi. Mwaka 2001 watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, waliwapima watoto saba wenye ugonjwa huo na kukuta wote saba wana kasoro mpya katika SCN1A, kasoro ambayo wazazi wao hawakuwa nayo.

Kasoro hizo, kwa sehemu kubwa, zinapunguza sodiamu. Hapo wataalamu walikwama. Sodiamu ikipungua, seli inapaswa kunyamaza. Mbona ubongo unawaka? Jibu lilitoka kwa panya mwaka 2006, katika maabara ya Catterall. Mlango wa SCN1A unategemewa kuliko yote na seli ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Zinapokosa sodiamu, watulizaji ndio wanaonyamaza, na wapiga kelele wanabaki bila wa kuwazuia. Mtoto huyo akipewa kabamazepini, fenitoini au lamotrijini kila siku, dawa inawanyamazisha watulizaji waliobakia, na degedege linaongezeka. Wazazi wengi wameshuhudia hali hiyo kabla daktari hajajua sababu yake: kila dozi ikipandishwa, mtoto anazidi kuharibika.

Utafiti huu uliwasafisha wasio na hatia pia. Kwa kuwa homa huamsha ugonjwa, na chanjo huweza kuleta homa, baadhi ya familia ziliamini kwamba chanjo ya kifaduro iliwaharibu watoto wao ubongo. Mwaka 2006 kundi la Samuel Berkovic wa Australia liliwachunguza wagonjwa 14 wa aina hiyo. Kumi na mmoja walikuwa na kasoro ya SCN1A. Ugonjwa ulikuwamo tangu mimba. Chanjo ilikuwa tu siku ya kwanza ya kuonekana.

Umri nao ni bawabu. Katika ubongo wa mtoto mchanga mlango wa SCN2A ndio unaoshika mwanzo wa aksoni. Baadaye ule wa SCN8A unachukua nafasi katika sehemu nyingi. Ndiyo maana baadhi ya watoto wenye badiliko jepesi la SCN2A hupata kifafa wakiwa wachanga, kisha kinakwisha chenyewe. Mwaka 2017 ilionyeshwa pia kwamba wenye kasoro kali ya jeni hiyo, kifafa kikianza kabla ya miezi mitatu, mara nyingi wana sodiamu ya kupita kiasi na wanapata nafuu kwa dawa za kuiziba. Kikianza baadaye, kwa kawaida sodiamu ni pungufu, na dawa zilezile hazisaidii au zinazidisha. Jeni ileile, miezi tu ndiyo imetenganisha.

Si busara kuyabandika hayo kwenye kila degedege. Katika Afrika Mashariki homa ya malaria bado inawaangusha watoto wengi, na degedege la kawaida la homa huisha mtoto anapokua. Kifafa kilichoenea Mahenge, ambacho daktari Louise Jilek-Aall alianza kukihudumia miaka ya 1960, kimehusishwa na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi wa mtoni, wala hakuna sababu ya kukisingizia SCN1A. Lakini homa ina nafasi ya pekee katika habari hii, kwa kuwa ndiyo inayofichua kasoro za pande zote mbili: mwenye ugonjwa wa Brugada ECG yake huharibika joto likipanda, na mtoto wa Dravet huanguka.

Vipimo vya jeni ni ghali na havipatikani kwa wengi. ECG inapatikana katika hospitali nyingi, na masikio ya daktari hayana bei. Kijana aliyezimia akiwa na homa, au ambaye katika ukoo wao mtu mzima wa afya amefariki usingizini bila sababu, apimwe ECG, naye aseme habari hiyo ya ukoo bila kungoja kuulizwa. Mwenye kuhara sana huku akitumia dawa za moyo au za kukojoza arudi hospitalini apimwe potasiamu. Na mzazi ambaye mtoto wake alianza degedege refu kabla ya mwaka mmoja, na sasa linazidi tangu aanze kabamazepini, asiikatize dawa ghafla mwenyewe, kwani kuikatiza nako kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Amrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, aeleze kila kitu kwa mpangilio wa tarehe, na aulize waziwazi kama dawa inayoziba sodiamu inamfaa mtoto huyu.